Mbaazi mezani, damu hakuna?

Kama wewe na mwenzio mmepangiwa kazi Nachingwea au Ruangwa, mbaazi na kisamvu mtakula mpaka basi. Sasa mbona mama mjamzito anaambiwa kliniki kwamba damu haitoshi?

Kula ni jambo moja, mwili kuchukua ni jingine. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na chuma cha mbaazi na majani ni kigumu kufyonzwa kuliko cha nyama na samaki. Halafu mnashushia na chai ya rangi! Chai hukishika kile chuma, kikaishia chooni. Subirini saa moja au mbili ndipo mnywe. Vidonge vya kuongeza damu navyo visimezwe kwa chai.

Msaada upo chini ya mkorosho. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nayo husaidia chuma kufyonzwa. (Bibo lenyewe jamani, siyo uraka!) Msimu ukiisha, kamulieni ndimu kwenye mboga.

Ila kama mtu anaharisha wiki kadhaa na uzito unashuka, ndimu haitoshi. Vijidudu kama giardia huharibu ukuta wa utumbo, na minyoo ya safura hunyonya damu yenyewe. Nendeni mkapime choo, wote wawili.