Kichaa cha Mbwa Katika Mnyama na Katika Mtu

Huko Kware, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, machimbo ya mawe ya zamani yalitumiwa kwa miaka mingi kuwa jaa, na penye taka hawakosi mbwa wasio na mwenyewe. Kichaa cha mbwa si kigeni katika mji huo. Mwaka 1912 kilithibitishwa katika mbwa mmoja pembezoni mwake. Lakini hata leo wengi hawazijui dalili zake, na kutojua huko huua.

Wako wanaodhani kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Sivyo; mbwa huyo huweza kuyaendea maji na kujaribu kuyanywa. Dalili yake ni kugeuka tabia: mpole huwa mkali, na mkali hujificha gizani. Hutafuna vijiti na mawe, sauti hukwaruza, udenda humtoka, na mwisho taya na miguu hulegea. Ng'ombe naye hulia kwa sauti ngeni na kutokwa na udenda. Mfugaji, akidhani amekwamwa na kitu kooni, humtia mkono kinywani, na hapo mate yenye virusi huweza kuingia katika mchubuko.

Anayeogopa maji ni mwanadamu. Kwanza jeraha lililokwisha kupona huanza kuwasha, na homa huja. Kisha koo hukaza kwa maumivu kila ajaribupo kunywa, hata upepo ukimpuliza usoni. Huweweseka na kupiga kelele. Halafu akili humrudia, akawatambua jamaa zake na kuzungumza nao vizuri. Kwa hiyo husemwa kwamba amepagawa na pepo, akapelekwa kwa mganga. Hakupagawa; ubongo wake umeshikwa na ugonjwa. Ni nadra sana mgonjwa kuuma watu, wala hastahili kukimbiwa. Apelekwe hospitali, na wamwuguzao wajikinge na mate yake.

Dalili zikianza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini tangu kuumwa hata dalili kuonekana, mara nyingi hupita majuma kadhaa ama miezi miwili mitatu, na huo ndio wakati wa kuokoka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku ile ile, na amalize sindano zote atakazoagizwa. Mbwa aliyeuma, kama yu hai, afungiwe na kuangaliwa siku 10, lakini sindano zisingojee. Naye afugaye mbwa amchanje kila mwaka, kwa maana kinga ya nyumba huanzia kwa mlinzi wake.