Umeme Kichwani, Mazoezi Mkononi

Mwaka 2009, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapa watu wenye afya njema kazi iliyoonekana kama mchezo: kubana kifaa kidogo kwa kidole gumba na cha shahada ili kuendesha alama kwenye skrini, shabaha moja baada ya nyingine, haraka na bila kukosea. Waliifanya siku 5 mfululizo. Baadhi yao walifungwa kichwani sifongo zilizoloweshwa maji ya chumvi, zikipitisha umeme wa miliampia 1 kwa dakika 20. Wengine walifungwa sifongo zilezile, ila umeme ulizimwa mapema bila wao kujua.

Waliopata umeme walijifunza zaidi, na hapo ndipo penye ajabu: faida haikujitokeza sana wakati wa mazoezi yenyewe. Pengo liliongezeka kati ya siku moja na nyingine, mtu akiwa amekwenda zake nyumbani na ubongo ukiendelea kuhifadhi alichofunzwa. Miezi 3 baadaye bado walikuwa mbele.

Mkondo huo wa umeme ni dhaifu mno kuilazimisha seli ya neva itume ujumbe. Huifanya tu iwe nyepesi kuitika, kama mlango ulioondolewa komeo: bado anatakiwa mtu wa kuusukuma. Msukumaji ni mazoezi. Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kuwa dakika chache za umeme hubadilisha wepesi wa sehemu ya ubongo inayoamuru misuli, na ukigeuza mwelekeo wa mkondo, matokeo nayo hugeuka.

Je, umeme huo unaweza pia kugusa homoni za msongo? Mtu akishtuka, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, zikamwaga kortisoli, homoni ya msongo, kwenye damu. Sehemu ya mbele ya ubongo husaidia kuituliza hali hiyo. Andre Brunoni wa São Paulo na wenzake walielekeza umeme hapo, upande wa kushoto, huku washiriki wakitazama picha za kuhuzunisha. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kortisoli ya kwenye mate ikishuka.

Ni dalili njema, lakini haitoshi kuitwa tiba. Washiriki walikuwa wachache, na kortisoli yenyewe hupanda asubuhi na kushuka kuelekea usiku hata pasipo umeme wowote. Tena ngozi na fuvu huzuia sehemu kubwa ya mkondo usifike ndani, na mafuvu hayalingani unene.

Hata kwa waliopooza mkono kwa kiharusi, ambao ndio wenye haja kubwa zaidi, majaribio ya umeme huu yametoa majibu yanayopishana. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuunganisha betri na nyaya nyumbani akajiwekea kichwani. Mwaka 2016 wanasayansi wa ubongo waliandika barua ya wazi kutahadharisha juu ya jambo hilo. Na mwenye mgonjwa wa kiharusi asingoje mashine: ampeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara daktari atakaporuhusu.