Kilo-omu Hazipimi Sauti ya Gitaa

Mpiga gitaa la umeme akichoshwa na sauti ya chombo chake, kwanza hutazama pikapu, yaani vile visanduku vidogo vilivyolala chini ya nyuzi. Ana haki. Hapo ndipo mtikisiko wa uzi unapogeuzwa kuwa umeme, na kati ya viungo vyote vya gitaa ni vichache vinavyobadilishika kwa bisibisi na risasi tu. Matatizo huanza dukani. Pikapu hutajwa kwa namba: hii ina kilo-omu 6, hii 8, hii 14. Mnunuzi huzisoma namba hizo kama anavyosoma nguvu ya injini, akachukua iliyo kubwa kadiri ya uwezo wa mfuko wake. Nashikilia kwamba namba hiyo karibu haielezi lolote kuhusu sauti atakayoipata. Zaidi ya hapo, pikapu haina sauti yake peke yake. Sauti huzaliwa na saketi nzima, kuanzia koili, kupitia poti, yaani vidhibiti vinavyozungushwa kwa kidole, hadi waya unaokwenda kwenye amplifaya. Anayeielewa saketi hiyo mara nyingi hupata anachokitafuta bila kununua kitu, na siku akinunua, hununua kinachomfaa.

Kifaa chenyewe ni sahili. Tangu George Beauchamp alipotengeneza pikapu ya sumaku mwaka 1931, msingi haujabadilika: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, ukazungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku huyumba na umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili. Pikapu ya koili moja kama ile ya Stratocaster, gitaa lililotoka mwaka 1954, ina zaidi ya kilomita moja ya waya huo ndani yake. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kiwanda cha magitaa cha Gibson, aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili muungurumo wa umeme wa ukutani ujifute wenyewe. Hiyo ndiyo hambaka. Kwetu muungurumo huo ni wa mitetemo 50 kwa sekunde, na kila aliyepiga gitaa la koili moja chini ya taa za tyubu anaujua.

Kilo-omu zinapima nini, basi? Zinapima ukinzani wa waya ule mrefu, basi. Ukinzani huongezeka waya ukiongezwa urefu, lakini huongezeka pia waya ukipunguzwa unene. Viwanda hutumia zaidi waya namba 42, wenye unene wa takriban milimita 0.063, na pia namba 43 ulio mwembamba zaidi. Zungusha mizunguko ileile kwa namba 43 badala ya 42, na mita itasoma karibu robo zaidi, ilhali sumaku ni ileile, mizunguko ni ileile na nguvu haijaongezeka. Pikapu ya shingoni ya gitaa la Telecaster ni mfano mzuri: kwa desturi huzungushwa kwa namba 43, na mara nyingi husoma kilo-omu sawa na mwenzake wa darajani au kumzidi, lakini ndiyo iliyo laini na tulivu. Kifuniko chake cha chuma nacho kina mchango katika utulivu huo, jambo linalozidi kuonyesha jinsi namba moja isivyotosha. Hata hali ya hewa huichezea namba hiyo. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja, hivyo pikapu iliyopimwa kilo-omu 8.0 kwenye karakana ya nyuzijoto 20 itasoma 8.3 hivi mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzijoto 30. Hakuna sikio litakalosikia tofauti hiyo, ingawa watu hulipia tofauti za namna hiyo kila siku.

Fundi mzoefu atapinga: mbona pikapu zenye namba kubwa kweli zina nguvu? Super Distortion, hambaka ya kiwanda cha DiMarzio iliyotoka miaka ya 1970, husoma kilo-omu 13 hivi, na hakuna anayebisha kwamba inaisukuma amplifaya kuliko hambaka ya kale yenye 8. Ni kweli. Waya ukiwa wa aina moja na umbo likiwa moja, kilo-omu zaidi ni mizunguko zaidi, na mizunguko zaidi ni umeme zaidi. Lakini masharti hayo mawili hayaandikwi kwenye boksi. Isitoshe, mizunguko ikiongezeka, nguvu haiji peke yake. Inaongezeka pia induktansi, yaani ukaidi wa koili dhidi ya umeme unaobadilika haraka, na ukaidi huo hula sauti nyembamba za juu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Koili na waya wa gitaa, ule unaokwenda kwenye amplifaya, vikiunganishwa, ni kama bembea yenye mwendo wake wa asili. Koili huleta induktansi, na waya wa gitaa, kwa kuwa ni nyaya mbili zilizofunikana, huhifadhi chaji kidogo kama kapasita, kwa wastani pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Mitetemo inayoendana na mwendo wa bembea hiyo hukuzwa. Iliyo juu yake hushuka kwa kasi. Mahali kilele hicho kinapoangukia ndipo panapoamua kama gitaa litaitwa kali, tamu au zito, kwa sababu huangukia kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na huko ndiko sikio la binadamu lilikoamka zaidi. Tuchukue pikapu ya koili moja yenye induktansi ya henri 2.5. Kwa waya wa mita 3, pamoja na pikofaradi 100 hivi za ndani ya gitaa, kilele huja kwenye mitetemo 5,000 hivi. Kwa waya wa mita 6 hushuka hadi 3,800. Kwa mita 10 ni 3,000 tu. Sasa chukua hambaka ya henri 4.5 kwa waya wa mita 3: kilele chake ni 3,750, karibu sawa na cha koili moja yenye waya wa mita 6. Mpigaji aliyetumia waya mrefu miaka mingi, kisha akahamia kifaa kisicho na waya, husikia gitaa limekuwa kali ghafla na kuilaumu pikapu. Pikapu haijabadilika, kilichoondoka ni kapasita iliyokuwa imejificha ndani ya waya.

Ndiyo maana kabla ya kutoa fedha, jaribio la shilingi chache lina thamani kuliko ushauri wowote. Sauti ikiwa kali mno, unganisha kapasita ya pikofaradi 470 kati ya ncha mbili za jeki ndani ya gitaa. Kilele cha mfano wetu wa mita 3 kitashuka kutoka 5,000 hadi 3,400. Sauti ikiwa nzito mno, fupisha waya. Kisha zikague poti. Poti ya kilo-omu 250 huituliza bembea, ya 500 huiacha huru zaidi, na kwa desturi koili moja hupewa 250 na hambaka 500. Kwa kuwa poti nyingi hukosea hadi asilimia 20 juu au chini, iliyoandikwa 250 inaweza kuwa 200 au 300, na tofauti hiyo inasikika. Kimo nacho husahaulika. Bonyeza uzi kwenye feti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na pikapu: milimita 2 hadi 2.5 ni mwanzo mzuri kwa magitaa mengi. Sumaku zikiwa karibu mno huuvuta uzi, noti hukosa utulivu, na gitaa huonekana halitaki kutyuniwa. Bisibisi inatosha kuponya ugonjwa huo.

Sidai kwamba kapasita itaigeuza koili moja kuwa hambaka. Hambaka huusikia uzi mahali pawili kwa pamoja, ikafuta baadhi ya sauti za juu kwa namna ambayo hakuna kapasita inayoiiga, tena hukata muungurumo. Anayetaka sifa hizo lazima azinunue. Ila ajiulize kwanza gitaa lake linasimama wapi katika bendi. Katika rumba ya Kongo na muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, magitaa hupangwa kama sauti za kwaya: solo juu, mi-solo katikati, rithimu chini yao, kila moja likiwa na njia yake. Mpangilio huo hudai uwazi. Pikapu nzito yenye kilele cha mitetemo 2,300 humfanya mpiga solo aingie kwenye uwanja wa rithimu, na hapo dawa ya kuongeza sauti huharibu zaidi, maana mwenzake naye ataongeza. Nguvu kubwa ya pikapu ina kazi pale amplifaya inapotakiwa ikwaruze, kama katika roki. Kwa sauti safi haina faida, kwani ukubwa wa sauti unapatikana kwenye amplifaya.

Ipo hali ambayo kubadilisha ni uamuzi sahihi bila mjadala. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayoiga Stratocaster hayana vijiti vya sumaku ndani ya koili. Yana misumari ya chuma, na kipande cha sumaku ya feraiti kimegundishwa chini. Chuma hicho huongeza induktansi na kuzalisha mikondo midogo inayomeza nguvu ya kilele, hata kimo na poti zikirekebishwa vipi. Hapo pikapu yenye vijiti vya sumaku ya alniko hubadilisha gitaa kweli. Hali nyingine ni pikapu inayopiga filimbi amplifaya ikipandishwa, kwa sababu koili yake haikujazwa nta ikashikana.

Kazi ya kufunga ina mitego yake. Pima nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya pikapu: hambaka za mtindo wa Gibson zina milimita 50 hivi kati ya nguzo za mwisho, na madaraja ya mtindo wa Fender yanahitaji 53 hivi. Rangi za nyaya hazina sheria moja. Kwa kiwanda cha Seymour Duncan mweusi ndio wa sauti, kijani ni wa ethi, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja. Kwa DiMarzio mwekundu ndio wa sauti, kijani ni wa ethi, mweusi na mweupe huunganishwa. Ukichanganya viwanda viwili, pikapu mbili zikilia pamoja sauti inaweza kukonda kama inatoka puani. Si kwamba zimeharibika. Zinavutana kinyume, na dawa ni kugeuza nyaya mbili za mojawapo, ukihakikisha kwanza kwamba kifuniko cha chuma kina waya wake wa ethi. Tumia chuma cha kulehemu cha wati 40 hivi, kwa maana kidogo zaidi hukulazimisha kukishikilia mgongoni mwa poti hadi iungue. Waya unaotoka darajani kwenda kwenye ethi usiuache ukining'inia, na amplifaya ichomekwe kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Umeme wa pikapu ni mdogo na haumdhuru mtu. Wa amplifaya mbovu ukipita kwenye nyuzi huua.

Basi msomaji, muuzaji akikutajia kilo-omu peke yake, mwulize mambo matatu: induktansi ni henri ngapi, waya ni namba gani, na ndani ya koili mna sumaku au chuma. Asipojua, rudi nyumbani na bisibisi yako ujaribu kimo kwanza. Na pikapu ya zamani ukiitoa, usikate nyaya zake karibu na koili. Yeyusha risasi, itoe nzima, uihifadhi.