Kufunga dirisha la kompyuta si kuondoka kwenye tovuti

MKAZI wa Oyugis au Rongo anapotaka kuwasilisha taarifa zake za ushuru kabla ya Juni 30, au kuomba cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, aghalabu huelekea saiba. Huketi mbele ya kompyuta ambayo wengine wameitumia tangu asubuhi, hujaza fomu, huchapisha karatasi zake, kisha hufunga dirisha na kwenda zake.

Anayeketi baada yake, akifungua tovuti ile ile, anaweza kujikuta ndani ya akaunti ya mwenzake, mbele ya nambari yake ya kitambulisho na ya simu, bila kuiba neno lolote la siri.

Chanzo cha hatari hii ni namna tovuti zinavyofanya kazi. Kwa asili, seva haimkumbuki mgeni; kila anapobonyeza, huwa ni kama ndiyo mara ya kwanza kubisha hodi. Ili kutatua tatizo hilo, Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki mnamo 1994. Siku hizi, mtu anapoingia kwenye akaunti, seva humfungulia kikao na kukipa kivinjari chake nambari ndefu, mithili ya kipande cha karatasi anachopewa msafiri aliyeacha mzigo stendi. Mwenye karatasi ndiye anayepewa mzigo, awe ndiye mwenyewe au la.

Hivyo basi, kikao kina ncha mbili: nambari iliyo kwenye kompyuta ya saiba, na kumbukumbu iliyo kwenye seva. Kufunga dirisha moja hakugusi kumbukumbu hiyo, na mara nyingi hata nambari hubakia. Baadhi ya vivinjari huhifadhi nambari hizo hata vikizimwa, iwapo vimepangwa kuendelea pale vilipoachia. Kitufe cha kuondoka ndicho kinachoiamuru seva ikate kikao, mradi mtayarishi wa tovuti aliifanya kazi yake ipasavyo.

Na hapo ndipo lawama inapowahamia wenye tovuti. Chukua mfano wa lugha ya PHP, inayotumiwa na tovuti nyingi ndogo za shule na vyama vya ushirika. Isipobadilishwa, huhesabu kikao kuwa kimechakaa baada ya sekunde 1,440, yaani dakika 24. Lakini kuchakaa si kufutwa. Ufagio hupitishwa kwa bahati nasibu, takriban mara moja katika kila maombi 100 yanayotumia vikao. Tovuti yenye wageni wachache inaweza kukaa siku kadhaa na mabaki ya watu walioondoka zamani. Ajabu ni kwamba uchache wa wageni, ambao wengi wangedhani ni usalama, ndio unaochelewesha usafi. Dawa yake ni rahisi: kuipangia seva kazi ya kufuta vikao vilivyokwisha kwa saa maalumu, na kuandika ndani ya programu muda ambao kikao kitakataliwa hata kama faili bado lipo.

Muda huo uwe gani? Shirika la OWASP, linaloshughulikia usalama wa programu za mtandao, hutaja dakika 2 hadi 5 za ukimya kwa huduma nyeti, na 15 hadi 30 kwa zisizo na hatari kubwa. Ni ushauri mzuri, ila mtu anayejaza fomu ndefu Mbita huku mtandao ukisuasua hatausifu akitupwa nje kabla ya kumaliza. Heri tovuti imwonye kwanza na kumhifadhia alichokwisha kuandika.

Nchini Kenya suala hili si la mafundi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kuhifadhi habari za mtu kwa muda unaopita haja iliyosababisha zikusanywe, na kumbukumbu za vikao zenye majina na nambari za watu haziepuki sharti hilo.

Kwa aliyekwisha kusahau na kufika nyumbani, baadhi ya huduma, kama vile Google, humruhusu kutazama kwa simu orodha ya vifaa vilivyo wazi na kuviondoa akiwa mbali. Pasipo na nafasi hiyo, abadilishe neno la siri mara moja. Mifumo mingi, ingawa si yote, hukata vikao vya zamani papo hapo.