Ndovu wa Dhahabu wa Tabora

Akusanyaye sarafu za kale za Watamil, huko Uhindi ya Kusini, huzitambua dola zilizokwisha kwa alama zake, chui milia wa Chola na samaki wa Pandya. Nasi tukaao Bukene, mkoani Tabora, tusikiapo honi ya gari moshi la Mwanza, hatuna haja ya kuvuka bahari, maana Tabora ina ndovu wake.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipowadia, na manowari za Waingereza zikaifunga pwani hata fedha za Berlin zisifike, serikali ya Wajerumani iliyotawala huku ililazimika, mwaka 1916, kujipigia sarafu katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba, kisha rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye ndovu anyanyuaye mkonga mbele ya mlima, pamoja na herufi T ya Tabora. Hizo za dhahabu zilikuwa 16,198 tu. Lakini mimi huzipenda zaidi heller 20, mbaya za sura, zilizopigwa kwa haraka kiasi kwamba taji na herufi hutofautiana baina ya sarafu na sarafu, na hapo ndipo ilipo ladha ya mkusanyaji. Kazi hiyo haikudumu: tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakauingia mji wa Tabora.

Basi msomaji, ukiirithi moja katika kasha la bibi, tafadhali usiisugue kwa ndimu wala majivu. Ukiisugua, thamani yake huondoka pamoja na kutu.