Majirani Wema Katika Tangi la Samaki

Tangi dogo la kioo lenye mimea ya majini na samaki wa rangi ni pambo ambalo hata familia inayoishi katika vyumba viwili yaweza kulipatia nafasi. Lakini mara nyingi pambo hilo hugeuka kuwa masikitiko. Samaki hununuliwa, watoto hushangilia, na baada ya wiki mbili watatu wamekwisha kufa na wa nne ametafunwa mapezi. Aghalabu chanzo huwa ni uchaguzi mbaya: mnunuzi ametazama rangi, asiulize ni nani atakayekaa na nani.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, uliza mambo matatu: samaki huyu ataka maji ya namna gani? Atakua kufikia urefu gani? Na tabia yake ni ipi?

Tuanze na maji. Neoni, yule samaki mdogo mwenye mstari wa buluu na mwekundu, asili yake ni vijito vya bonde la mto Amazon, ambako maji ni laini na yana tindikali kidogo. Samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Tanganyika, wanaopendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani, wamezoea maji magumu yenye alikali. Ukiwaweka pamoja, mmoja lazima ateseke. Isitoshe, wengi wa samaki hao, kama walivyo mbuna wa Ziwa Nyasa, hulinda maeneo yao kwa ukali. Wanastahili tangi lao wenyewe, lenye mawe mengi. Ili kuyajua maji ya bomba lako, tazama sabuni: ikikataa kutoa povu, maji hayo ni magumu.

Pili, ukubwa. Samaki wa dhahabu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini aweza kupita sentimita 20. Hula mimea na kuchafua maji upesi. Samaki malaika hutoka bonde lile lile la Amazon pamoja na neoni, lakini akikomaa humeza neoni bila taabu. Kumbe kutoka mto mmoja si dhamana ya ujirani mwema.

Tatu, tabia. Madume wawili wa samaki mpiganaji wa Thailand wakiwekwa pamoja waweza kupigana hadi kufa. Kinyume chake, neoni na koridorasi, yule samaki mpole atafutaye chakula mchangani, hunyong'onyea wakiwa peke yao. Kila aina kati ya hizo ifugwe kwa kundi la samaki sita au zaidi.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, ambalo hujaa kwa lita 54. Ikiwa maji yako ni laini, neoni wanane na koridorasi wadogo sita wanatosha. Ikiwa ni magumu, weka gapi madume sita au saba. Madume peke yao, kwa sababu gapi jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, akazaa mara kwa mara hata asipoonana na dume tena, na tangi likafurika.

Mimea nayo si urembo tu. Humpatia mnyonge mahali pa kujificha na hufyonza sehemu ya uchafu wa samaki. Anubiasi, mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, huvumilia mwanga hafifu. Ufunge kwenye jiwe au gogo, wala shina lake lisizikwe mchangani.

Baada ya kupanda mimea na kuwasha chujio, usikimbilie dukani. Bakteria wanaoivunja sumu ya kinyesi cha samaki huhitaji wiki nne hadi sita kuenea. Kisha tia samaki wachache wachache, na kila wiki badili robo ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache katika ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

Na ukichoka kufuga, mpe jirani; usiwamwage samaki mtoni. Sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 alichangia sana kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo.

Basi utakapofika dukani na kuvutiwa na samaki fulani, mwulize muuzaji maswali yale matatu. Asipokuwa na majibu, rudi nyumbani na fedha yako.