HEROE NAMBA 492



Wale wanaochimba chumvi katika ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, hawahitaji kuelezwa heroe ni ndege gani. Kila mwaka, kwa miezi kadhaa, heroe huja kwa makundi katika ziwa dogo la Munyanyange, jirani kabisa na Katwe. Ni yule ndege wa miguu mirefu kama fito, shingo ndefu na mdomo uliopinda, ambaye wengine humwita flamingo. Mtu akikuambia kwamba amempiga picha heroe huko Katwe, utamwuliza, "Kuna ajabu gani?"

Lakini mtu akikuambia kwamba heroe wa Tanzania amepigwa picha kwenye pwani ya Texas, Marekani, hapo utasema, "Lete hiyo picha niione." Ndivyo ilivyotokea mwezi Machi 2022. Nimeichukua habari hii na kuiandika hapa kwa sababu ndani yake kuna somo ambalo sisi wafanyakazi tumelilipia kwa gharama kubwa.

ALIVYOFIKA MAREKANI

Heroe wako wa aina sita duniani. Hapa Afrika Mashariki tunao aina mbili. Wa kwanza ni heroe mdogo, ambaye ndiye mwingi kupita wote, na anayezaliana kwa wingi katika ziwa Natron, Tanzania. Wa pili ni heroe mkubwa. Huyu akisimama hufika karibu mita moja na nusu, na rangi yake ni nyeupe yenye wekundu hafifu. Heroe mkubwa anaishi Afrika, kusini mwa Ulaya na sehemu za Asia. Amerika si kwao. Hakuna heroe mkubwa wa porini aliyezaliwa huko.

Mwaka 2004 bustani moja ya wanyama katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, ilipokea heroe wakubwa 40 kutoka Tanzania. Kutoka Tanzania hadi Kansas ni zaidi ya kilomita 13,000. Kansas iko katikati ya Marekani, mbali na bahari, na wakati wa baridi maji huganda. Heroe hao hawakupewa majina. Kila mmoja alivalishwa pete ya namba mguuni, na mmoja wao akawa namba 492.

ALIVYOTOROKA

Ndege anayefugwa mahali pasipo na paa huzuiwa asiruke kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukata kiungo cha mwisho cha bawa angali kifaranga. Huyo hataruka tena maisha yake yote. Njia ya pili ni kupunguza manyoya ya bawa kwa mkasi. Hii haina maumivu, ni kama kukata nywele au kucha. Lakini manyoya huota upya, kwa hiyo kazi hiyo lazima irudiwe kila mwaka.

Heroe wa Wichita walifika wakiwa wakubwa, na bustani iliona kwamba kuwakata bawa katika umri huo ni ukatili. Ikachagua mkasi. Mwaka 2005 manyoya ya baadhi yao yakaota bila kuonekana na wahudumu. Mwezi Juni, siku ya upepo mkali, mtu aliyekuja kutembea akawaambia wahudumu kwamba heroe wawili wako nje ya uzio. Walikuwa namba 492 na namba 347.

Wahudumu waliwafuata. Kila walipokaribia, ndege wakaruka. Kwa muda wa wiki moja hivi wawili hao walikaa kwenye mfereji wa maji upande wa magharibi wa mji. Usiku wa tarehe 3 Julai ikapiga mvua kubwa ya radi. Asubuhi ya tarehe 4 Julai hawakuwapo tena. Hiyo ndiyo siku ambayo Wamarekani huadhimisha uhuru wao. Jambo hili sikulitunga mimi.

Namba 347 alikwenda kaskazini. Alionekana Michigan mwezi Agosti mwaka huo, na hakuonekana tena. Wenye bustani wanaamini kwamba baridi ilimwua. Namba 492 alikwenda kusini, kiasi cha kilomita 1,000, akafika pwani ya Texas. Huko kuna maji ya chumvi yenye kina kifupi, na wadudu wadogo wa majini ambao ndio chakula chake. Hakuna aliyemwonyesha njia. Alipata mahali panapofanana na kwao, akakaa.

MWENZAKE WA UGENINI

Kuanzia mwaka 2006 watu wa Texas na wa jimbo la jirani la Louisiana walianza kumwona akiwa na mwenzake. Mwenzake huyo hakuwa heroe wa Afrika. Alikuwa heroe wa Karibi, mwenye wekundu wa kukolea, aliyetoka upande wa Yucatán, Mexico. Inafikiriwa kwamba alisukumwa na tufani hadi huko. Mmoja aliletwa kutoka Afrika na kuruka uzio, mwingine alitupwa na upepo. Rangi zao ni mbali na kwao ni mbali. Lakini katika pwani nzima walikuwa wao wawili tu wanaofanana, na kwa miaka mingi, hadi kufikia 2013, walionekana wakitembea pamoja.

Mwenye kuwahi kufanya kazi ugenini atalielewa jambo hilo. Ukiwa katika kambi ya mbali, ambako hakuna anayejua lugha ya mama yako, mtu wa nchi ya jirani anakuwa ndugu wa tumbo moja.

ILIYOSEMA NI PETE

Sasa tuje kwenye picha. Mwezi Mei 2018 kijana mmoja aliyekuwa akisaidia kazi ya kuhesabu ndege katika ghuba ya Lavaca, Texas, alimwona heroe, akampiga picha. Tarehe 10 Machi 2022 mwanaharakati wa mazingira alimwona heroe katika ghuba ya Cox, karibu na mji wa Port Lavaca, akamchukua picha ya video. Video hiyo ilipelekwa kwa idara ya wanyamapori ya jimbo hilo. Maofisa wakaitazama miguu ya ndege, wakaona pete, wakasoma namba. Alikuwa 492, mzima wa afya, miaka 17 tangu kuruka uzio.

Tazameni jinsi ushahidi huo ulivyosimama. Mtu akisema kwa mdomo tu, "Nimeona heroe Texas," atajibiwa kwamba labda ameona ndege mwingine mwekundu. Picha ikionyesha mwili mzima, mjuzi anaweza kusema kwamba huyu ni mweupe mno kuwa wa Karibi, kwa hiyo ni wa Afrika. Picha ikionyesha pete, hapo mabishano yamekwisha. Si heroe yeyote wa Afrika, ni yule yule wa mwaka 2005.

Namba ile ilifungwa mguuni ili ndege ajulikane ni mali ya nani. Wazee wetu wanakijua kitu cha namna hiyo. Nchini Kenya, katika miaka ya 1920 na kuendelea, Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni katika kikebe cha chuma. Kilikuwa minyororo. Hata hivyo, huko Texas namba ile ile ya kumilikiwa ndiyo iliyokuja kuwa shahidi kwamba 492 yu hai na yu huru. Wenye bustani walisema kwamba hawatamfuata kumkamata, kwa kuwa kumsumbua huko aliko kungeleta madhara kuliko kumwacha.

HABARI YA KIWANDANI

Hapa nieleze jambo nililolishuhudia mwenyewe. Katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, mwenzetu mmoja alifanya kazi ya kibarua kwa miaka tisa. Alipoumia mkono akaambiwa aende nyumbani. Alipodai haki yake akajibiwa kwamba jina lake halimo katika daftari lolote, na kwamba hajawahi kuajiriwa pale.

Alikuja kwangu na picha moja, iliyopigwa siku mashine mpya ilipofungwa. Yeye amesimama mbele, na kifuani ana kibati cha namba. Tulifurahi, lakini tulifurahi mapema. Mkanda wa ovaroli ulikuwa umeifunika tarakimu ya mwisho. Mwajiri akacheka, akasema, "Namba hiyo inaweza kuwa ya watu kumi."

Tulitembea nyumba kwa nyumba kwa muda wa wiki tatu. Mwishowe mama mmoja, ambaye marehemu mumewe alikuwa kwenye kundi lile, akafungua sanduku, akatoa picha nyingine ya siku ile ile. Ilipigwa dakika chache baadaye. Mwenzetu amegeuka kidogo, na namba yote inasomeka. Nyuma ya picha marehemu alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Ofisa wa kazi alizitazama picha zote mbili, akaagiza mwenzetu alipwe. Hakulipwa miaka yote tisa. Alilipwa mitatu, kwa sababu tarehe ya picha ilithibitisha mitatu tu. Miaka sita ilipotea kwa kukosa karatasi.

Ndiyo maana nilipoisoma habari ya 492 sikuona kichekesho cha ndege. Nilimkumbuka mama yule na sanduku lake.

PICHA INAYOSIMAMA

Wajuzi wa ndege wana kanuni zao wakimwona ndege mgeni. Ziko wazi, na zinatufaa sisi pia.

Kwanza, usimkimbilie. Piga picha ya kwanza ukiwa mbali, hata kama si nzuri, kwani akiruka huna kitu. Halafu sogea polepole.

Pili, usipige moja tu. Piga ya mwili mzima, ya mdomo, ya miguu, na ya mahali penyewe ili pajulikane.

Tatu, andika hapo hapo tarehe, saa, mahali na majina ya walioona pamoja nawe. Usiseme utakumbuka.

Nne, itunze picha ya asili bila kuikata wala kuipamba, na nakala moja iwe kwa mtu mwingine.

Tano, ipeleke kwa wenye kazi ya kuipokea. Video ya Texas ingebaki simuliZI ya barazani kama isingefika idarani.

Siku hizi karibu kila mmoja wetu ana simu yenye kamera mfukoni. Tunapiga picha za harusi na za mpira. Wangapi kati yetu tumepiga picha ya kadi yetu ya kazi, ya hati ya mshahara, ya mashine isiyo na kinga? Wangapi tumemwachia nakala katibu wa tawi?

Wahudumu wa Wichita walimjua 492 kwa namba tu. Watu wa Texas walimpenda, wakambandika jina la utani, Pink Floyd, jina la kundi la wanamuziki wa Uingereza. Sisi tunataka mfanyakazi ajulikane kwa jina lake. Lakini hadi siku hiyo itakapofika, ndugu zangu, namba zenu zitunzeni, na picha zenu ziandikeni tarehe.